Samani za Nyumba kati ya Sikuda, Busia na Tororo: Wapi Zipatikane, Mpya na Kuukuu

Amri ya uhamisho ikisomwa asubuhi, kufika jioni uwanja ulio mbele ya nyumba za askari huwa umejaa vitanda vilivyofunguliwa, makabati yaliyolazwa chali na makochi yaliyosimamishwa kwa ubavu. Lori moja limetolewa kwa familia tatu, nalo tayari linaonekana dogo. Hapo ndipo mama wa nyumba anapolazimika kuamua kipi kipakiwe na kipi kiuzwe, na jirani ambaye juzi aliazima chumvi kwake leo anamtajia bei isiyotosha hata kununua misumari. Kitanda kilichofunguliwa kwa nyundo kimepasuka kwenye viungo. Kabati la mbao za kubanwa limeachia bawaba zake. Bwana anasema viachwe, vingine vitanunuliwa huko waendako. Na mama, ambaye ndiye aliyeweka akiba ya miezi minane kwa ajili ya kabati lile, hana la kujibu.

Hasara ya namna hiyo huwa imeanza siku ya kununua. Raia aliyejenga kwake hununua kabati mara moja likakaa ukutani miaka thelathini. Familia ya askari hununua kitu kitakachopanda lori na kushuka, pengine mara tano au sita kabla watoto hawajamaliza shule. Kwa hiyo mahali pa kununulia, na mtu wa kununua kwake, ni mambo yanayostahili kufikiriwa kwa utulivu kabla fedha haijatoka mfukoni.

Familia zinazoishi mashariki mwa Uganda, kwenye mpaka na Kenya, zina nafasi ya kuchagua ambayo wengine hawana. Upande mmoja iko gombolola ya Sikuda, ambayo watu wa mbali huisikia zaidi kwa sababu ya wachimbaji wa dhahabu, na jirani yake mji wa Busia uliogawanywa na mpaka, nusu Uganda na nusu Kenya. Kaskazini uko mji wa Tororo wenye mwamba wake mkubwa, kiwanda cha saruji, stesheni ya reli na kambi ya Rubongi. Mtu aliyeamka mapema aweza kuulizia bei ya kitanda kwa seremala wa kijijini, akatazama madukani Busia, na kabla jua halijazama akawa Tororo. Kila mahali pana kitu chake kizuri na hatari yake.

Yafaa kuanza na seremala wa kijijini, kwa kuwa ndiye anayedharauliwa zaidi na ndiye aghalabu mwenye kitanda bora. Fundi huyu hana duka. Ana mti wa kivuli, benchi, randa, misumeno miwili, patasi na kopo la gundi, na nyuma yake zimesimamishwa fremu za milango zinazongoja wenyewe. Mapatano huanza kwa Kiteso au Kisamia na kumalizikia kwa Kiswahili. Hatengenezi kitu mpaka apewe arubuni, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapokosea: hutoa fedha yote kwa sababu fundi ameeleza kwamba mbao zimepanda, kisha hurudi baada ya mwezi na kuukuta mti, benchi na fundi, ila kitanda hakipo.

Njia iliyo salama ni kulipa kwa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la mbao, na yafaa mnunuzi aende pamoja na fundi kuzinunua, azione na kuzihesabu. Fungu la pili hutolewa kitanda kinaposimama kikiwa kikavu, kabla hakijapakwa vanishi hata tone moja. Jambo hili lisisahauliwe. Vanishi ni nguo ya sikukuu. Huficha nyufa zilizojazwa unga wa mbao na gundi, huficha fundo la mti lililo karibu kung'oka, na huufanya mkaratusi ufanane na mvule mbele ya mtu asiyejua. Fungu la tatu hulipwa kazi inapochukuliwa.

Juu ya mbao zenyewe pana mengi ya kusema. Mvule ndio uliokuwa fahari ya mashariki mwa Uganda kwa vizazi, na sifa zake si za bure: moyo wake hauliwi na mchwa kwa urahisi, haupindi sana, na rangi yake ya manjano huiva na kuwa kahawia ya dhahabu kadiri miaka inavyopita. Maseremala wa zamani wanajua pia ukorofi wake, kwani ndani ya shina la mvule mara nyingine hupatikana mawe meupe magumu yanayovunja meno ya msumeno. Lakini mti huu hukua polepole mno, umekatwa kwa miaka mingi, na leo ni adimu na ghali. Anayeambiwa kwamba kitanda ni cha mvule kwa bei ya kawaida hapana budi akipindue, atazame upande wa chini ambako brashi haikufika, akiinue apime uzito wake. Tena atofautishe moyo wa mti na weupe wa nje, kwani ule weupe, hata ukiwa wa mvule, huliwa na wadudu kama mti mwingine wowote.

Mfenesi ni mbao ambayo haisifiwi inavyostahili. Ni ya manjano ikiwa mpya, huiva kuwa ya kahawia, na mchwa hauipendi. Meza ya mfenesi iliyotengenezwa vizuri humzika aliyeinunua. Mkaratusi, ambao wengi nchini Uganda huuita kalitunsi, una nguvu nyingi, ila ukifanyiwa kazi ungali mbichi utapinda na kupasuka, na mifumbati ya kitanda itakuwa kama upinde. Musizi ni mwepesi, hufaa rafu za ndani na migongo ya makabati, wala haufai kwa miguu inayogusa sakafu yenye unyevu. Msonobari hufaa ukiwa umekaushwa na kutiwa dawa. Mwembe hupendeza kwa mistari yake lakini wadudu huuvamia mapema. Mnunuzi akiona unga laini mweupe umemwagika chini ya samani iliyosimama dukani, aendelee na safari yake; yule aliyeutoa unga huo yumo ndani na hajamaliza.

Kwa vitanda, fundi wa kijijini hana mshindani, kwa kuwa yeye hutengeneza kwa kipimo cha mwenye kitanda. Jeshini na polisi vyumba ni vidogo, na aliyewahi kuishi katika kile kibanda cha bati cha duara kiitwacho yunipoti anajua kwamba kabati refu haliegemei ukuta uliopinda. Kabla ya kuagiza, chumba kipimwe kwa kamba, na mlango pia upimwe. Vimeonekana vitanda vya futi 5 kwa 6 vilivyoingizwa kwa kung'oa fremu ya mlango wa serikali. Kwa wazazi wawili katika chumba kidogo, kitanda cha futi 4 kwa 6 chatosha. Kwa watoto, kitanda cha deka huokoa nafasi, mradi ngazi yake ifungwe kwa bolti na kizuizi cha juu kiwe kirefu kuliko unene wa godoro.

Fundi aagizwe mambo mawili ambayo hatayafanya asipoambiwa. La kwanza, mifumbati iungane na vitakizo kwa bolti na nati, wala si kwa misumari na gundi. Kitanda cha bolti hufunguliwa kwa spana katika muda wa robo saa, hulazwa ndani ya lori kama mbao tupu, na hufungwa tena kikiwa na nguvu zilezile. Gharama ya bolti nane ni ndogo sana ikilinganishwa na kununua kitanda kipya kila baada ya uhamisho. La pili, matendegu manne yapandishwe juu yawe nguzo za kutundikia chandarua. Busia na Tororo ni nchi ya mbu na malaria, na chandarua kilichotundikwa kwa msumari mmoja darini huegemea mwili wa mtoto usiku kucha, mbu akamwuma kwa nje. Nguzo nne humaliza shida hiyo, na familia ikihamia nyumba isiyo na dari, chandarua huwa tayari na pa kufungwa.

Tororo ni mji wa namna nyingine. Reli ya kwenda Soroti iliyoanzia hapo ilikamilika mwaka 1929, na ile kubwa ikafika Kampala mwaka 1931, hivyo kwa muda mrefu mji huu ulikuwa wa ofisi, maghala na maduka. Atakayefika huko kutafuta samani atakuta karakana zenye mashine za umeme za kupiga randa na kutoboa, na kazi ya mashine ni safi kuliko ya mkono penye droo, milango ya makabati na viti vinavyotakiwa kufanana. Seti ya viti sita vya meza ya kulia chakula yafaa itoke katika karakana kama hiyo, maana kwa fundi wa chini ya mti kiti cha sita huwa kirefu kidogo kuliko cha kwanza. Kiti kipimwe kwa kukalia, kuegemea nyuma kwa nguvu na kujitikisa. Kikilia, kiachwe. Kisha kigeuzwe juu chini, ionekane kama miguu imeingizwa kwa ulimi na tundu au imepigiliwa misumari tu. Kiti cha misumari hakidumu katika nyumba yenye watoto.

Tororo, kama makao makuu ya wilaya, pana pia jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Chini ya sheria ya manunuzi na uuzaji wa mali ya umma ya mwaka 2003, ofisi za serikali za Uganda haziwezi kugawa ovyo samani zilizochakaa. Mali hukaguliwa, huandikwa, na mara nyingi huuzwa kwa mnada wa hadhara baada ya tangazo. Katika minada ya namna hiyo hutoka meza za ofisini za mbao nzito, viti vya wageni, na makabati ya chuma ya kuwekea majalada ambayo, yakipakwa rangi, huwa kabati la nguo lisiloliwa na mchwa wala panya. Mali haina udhamini, na aliyenunua hana wa kumrudishia. Lakini hutoka na stakabadhi ya serikali mkononi, na hilo, kama itakavyoonekana, lina thamani yake. Matangazo hubandikwa kwenye mbao za ofisi za wilaya na manispaa na kuchapishwa magazetini. Mamlaka ya Mapato nayo huendesha minada ya bidhaa zilizokwama forodhani.

Busia ndiko macho ya wengi yanakokimbilia, kwa kuwa ndiko kwenye vitu vinavyong'aa. Yapo makochi ya vitambaa vyenye maua, meza za kioo, makabati meupe yaliyofika yakiwa katika maboksi, na viti vya plastiki vilivyopangwa kimoja juu ya kingine hadi darini. Viti vya plastiki havina ubishi: ni vyepesi, huoshwa, huwekwa kumi katika nafasi ya kimoja, na siku ya msiba au ya harusi huazimwa na kambi nzima. Makochi na makabati ya maboksi ni habari nyingine, na sifa zinazomwagwa juu yake zimezidi. Kabati la namna hiyo limetengenezwa kwa unga wa mbao uliobanwa kwa gundi. Skrubu huushika mara ya kwanza vizuri, mara ya pili kwa shida, na mara ya tatu tundu limekuwa pana na skrubu inazunguka bure. Maji yakimwagika sakafuni, miguu huvimba kama mkate. Kwa mtu asiyehama na asiye na mvua inayovuja, ni kabati zuri. Kwa familia ya askari ni fedha iliyotupwa.

Bei yake nayo imepanda kwa sababu inayojulikana. Tangu tarehe 1 Julai 2022 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kutoza ushuru wa asilimia 35 kwa kundi la bidhaa kutoka nje ya Jumuiya ambazo zaweza kutengenezwa humu ndani, na samani zimo katika kundi hilo. Nia ilikuwa kumpa nafasi fundi wa hapa. Hivyo anayenunua kabati la boksi kutoka ng'ambo hulipa pamoja na ushuru huo, hata kama haukuandikwa popote.

Kwa nini basi watu huvuka upande wa Kenya? Wengine hufuata mitindo, wengine hufuata bei, na bei za pande mbili hazikai mahali pamoja. Mwaka 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na mbao zikawa ngumu kupatikana huko; mwezi Julai 2023 Rais wa nchi hiyo alitangaza kuliondoa zuio hilo. Mambo kama hayo hubadili bei ya kitanda pale Busia pasipo mwenye duka kujua sababu. Jambo lisilobadilika ni hesabu ya fedha: elfu tano ya Kenya ni zaidi ya mara ishirini ya elfu tano ya Uganda, na kwenye mji ambao watu hutaja namba bila kutaja nchi, ni lazima mnunuzi aulize ni shilingi ya wapi kabla hajasema "sawa".

Kuvuka na samani si kosa, na hakuna haja ya kufanya kama mwizi. Mwezi Februari 2018 kilifunguliwa rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambapo shughuli za nchi mbili hufanywa chini ya paa moja. Kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, upo utaratibu mwepesi wa wafanyabiashara wadogo: hujazwa cheti kifupi cha asili ya bidhaa hapo hapo mpakani, na ushuru wa forodha hautozwi, ingawa kodi za ndani zaweza kudaiwa. Aliye na shaka aulize ofisini kabla ya kununua, asiulize kwa vijana wanaojitolea kubeba. Vijana hao watamwonyesha njia ya panya. Sheria ya usimamizi wa forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 yaruhusu kukamatwa kwa mzigo wa magendo pamoja na chombo kilichoubeba, na mke wa askari akikamatwa na kochi katika mahindi, habari hufika kambini kabla yake.

Wabebaji wenyewe ni mabingwa. Ni katika mipaka hii ya Busia na Malaba ndiko jina la bodaboda lilikozaliwa, kutokana na neno la Kiingereza la mpaka, wakati vijana wenye baiskeli walipokuwa wakiwachukua abiria kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi nyingine. Kuwaona wakipita na kitanda kizima nyuma ya pikipiki ni jambo la kila siku. Hata hivyo kioo cha meza kisipandishwe huko.

Sasa kuhusu vitu kuukuu. Hakuna aibu kununua samani iliyotumika. Kitanda kilichomaliza miaka kumi bila kupinda kimeshafanya mtihani ambao kitanda kipya hakijaufanya, na mbao zake zimekauka kabisa. Mahali pazuri kupita pote ni pale kambini, siku ile ya uhamisho. Mwuzaji anajulikana, mkewe anajulikana, majirani wamekikalia kiti hicho mara mia. Ila bei iwe ya haki. Anayemnyonya mwenzake kwa sababu lori linanguruma asisahau kwamba zamu yake yaja, na kwamba wake za askari hawasahau. Baadhi ya familia hupatana mapema: wakati mambo yangali shwari wanatajiana bei ya kabati au meza, ili amri ikitoka pasiwe na ubishi wala machozi. Ni desturi inayofaa kuigwa katika kila kambi.

Nje ya kambi tahadhari iwe kubwa. Katika mji mmoja wa mashariki, konstebo mmoja alinunua seti ya makochi saa za jioni kwa mtu aliyesema anahamia Kampala na gari linamngoja. Bei ilikuwa nzuri mno, na hapo palikuwa pa kusimama na kuuliza. Miezi miwili baadaye mgeni aliyekuja kumtembelea mke wake aliinua mto wa kochi, akatazama ubao wa chini, akaona alama ya wino ambayo yeye mwenyewe aliiandika siku aliponunua. Konstebo hakuwa mwizi. Lakini hakuwa na karatasi, hakumjua jina mwuzaji, na kupokea mali ya wizi ni kosa katika sheria za Uganda kama katika sheria za majirani zake. Aliyarudisha makochi, fedha yake ikapotea, na kwa muda mrefu alifanya kazi mbele ya wenzake wanaonong'ona. Mkewe aliacha kwenda kisimani saa za watu wengi.

Kwa hiyo samani kuukuu inunuliwe mchana, nyumbani kwa mwuzaji, mbele ya shahidi. Ziandikwe karatasi mbili zenye jina lake, namba ya kitambulisho chake, maelezo ya kitu, bei na tarehe. Mwenyekiti wa LC 1 wa pale aweke sahihi na muhuri. Barua hiyohiyo husaidia njiani, kwa kuwa gari lenye vyombo vya nyumba, hasa usiku, husimamishwa na polisi, na polisi hana budi kuuliza hata kama ndani ameketi mke wa mwenzake. Mtindo huu si wa kumtilia shaka kila mtu. Hata nyumba zilizoachwa na Waasia mwaka 1972, walipopewa siku 90 kuondoka Uganda, ziliacha vitu vingi vilivyobadili wenyewe bila hati yoyote, na ugomvi wake ulidumu miaka mingi. Karatasi ni rahisi kuandika siku ya kununua na ngumu mno kuipata baadaye.

Kisha wapo kunguni. Mdudu huyu aweza kuishi miezi kadhaa bila kula, hivyo kitanda kilichokaa stoo bado kina wenyeji wake. Kabla hakijaingizwa ndani, kifunguliwe chote juani. Nyufa, matundu ya bolti na ncha za chaga zichunguzwe kwa tochi. Madoa meusi kama ya wino ndiyo alama yao. Maji yanayochemka yamiminwe polepole katika kila kiungo, kwani joto kali huua mayai ambayo dawa nyingi huyaacha, kisha mbao zikaushwe siku mbili kivulini zisipasuke. Mafuta ya taa yasitumiwe. Hunuka, na yamekwisha kuchoma nyumba. Godoro kuukuu lisinunuliwe kwa bei yoyote. Kochi kuukuu linunuliwe kwa ajili ya mbao zake tu: kitambaa kivuliwe na kuchomwa, sponji mpya ikatwe, na mama mwenye cherehani ashone vifuniko vinavyovuliwa na kufuliwa. Akifanya hivyo, atapata kochi linalozidi lile la dukani kwa uimara, kwa gharama ndogo zaidi.

Anayetumwa kazini mbali aweza kutazama kwingine pia. Kampala ina Ndeeba kwa mbao na Nsambya kwa samani zilizopangwa kando ya barabara, na Jeshi la Magereza lina karakana ya useremala huko Luzira. Kisumu ina mafundi wa Kibuye, na Dar es Salaam kila mtu atamwelekeza mgeni Keko. Ila nauli ya kurudisha kabati hadi Sikuda ihesabiwe pamoja na bei, na aghalabu hesabu hiyo humrudisha mtu kwa fundi wa chini ya mti.

Limebaki suala la fedha. Wanajeshi wana ushirika wao wa akiba na mikopo wa Wazalendo, na polisi wana Exodus. Mkopo mdogo kwa kitanda imara na godoro jipya unaweza kutetewa, kwa kuwa mtu hulala kila siku na mgongo wa askari ni chombo chake cha kazi. Mkopo kwa ajili ya makochi, ili nyumba ifanane na ya jirani, hautetewi kwa lolote. Makato huendelea kukatwa baada ya kitambaa kuchanika. Nyumba changa ianze na kitanda, godoro na chandarua. Zifuate meza moja na viti vya plastiki. Badala ya kabati, ianze na masanduku mawili ya bati yenye kufuli, yale yanayofuliwa na wahunzi wa sokoni: panya hawaingii, mvua haiingii, hupangwa juu ya mengine, hukaliwa na wageni yakitandikwa kitambaa, na siku ya lori hubebwa na vitu vikiwa ndani. Kabati litakuja wakati wake.

Na amri ikitoka, kitanda kifunguliwe kwa spana, nyundo iwekwe mbali. Kila kiungo kiandikwe namba kwa penseli upande wa ndani, moja na moja, mbili na mbili. Bolti, nati na washa zitiwe katika kitambaa na kufungwa kwa kamba kwenye tendegu mojawapo. Spana akae nayo mama katika mkoba wake, maana lori likifika usiku watoto watataka kulala.